Muulize Mama Kuhusu Ungo

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia nina steshenari Mlabani, na hapo tunaelewana: natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti. Kazi yangu ya pili siisemi, maana kila nikiisema naulizwa, "Sasa picha ziko wapi?" Natengeneza michezo ya kompyuta isiyo na picha hata moja. Ni maandishi matupu. Kompyuta inakuandikia, "Upo uani kwa mama. Kuna kinu, ungo na kuku wawili," na wewe unaijibu kwa kuandika unachotaka kufanya: chukua ungo, ingia jikoni, msalimie mama. Ukiandika "muulize mama kuhusu ungo", mama wa ndani ya mchezo anakupa habari za ungo. Basi, mchezo wenyewe ndiyo huo. Dada yangu wa Kiberege, ambaye ananipenda, aliutazama dakika tano akasema, "Ndiyo maana huolewi wewe."

Mama wa ndani ya mchezo nilimtoa kwa mama yangu mzazi. Nisijisifie upendo, ulikuwa uvivu. Nilihitaji mtu wa kuongelea vitu, na mama yangu ndiye alikuwa fundi wa hayo. Kusengenya watu hakuwezi, anaanza vizuri halafu anahamia kwenye sufuria za huyo mtu. Lakini mpe kikombe uone. Atakwambia kilinunuliwa wapi, mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi, kilipata ufa siku gani, na nani alikidondosha akasingizia paka. Aliyekidondosha mara nyingi ni mimi.

Kanuni ya kwanza niliyoiweka kwenye programu ilikuwa salamu. Ukimuuliza mama swali kabla ya kuandika shikamoo, hakujibu kitu. Anasema, "Kwani tumelala pamoja?" na mchezo unakwama hapo mpaka ujirekebishe. Mama mwenyewe aliposomewa hiyo akafurahi sana. Akasema angalau kompyuta yangu ina adabu kuliko wateja wangu.

Nilikuwa napita kwao kila asubuhi kabla sijafungua duka, ni mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli. Nakaa naye barazani, nafungua laptopu, namsomea nilichoandika jana. Baba anakuwa ndani anasikiliza redio. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mama anamwita Mwalimu, hata akiwa amemkasirikia, hata kwenye kuomba chumvi. Mambo yangu ya mchezo Mwalimu aliyaita "hayo maigizo yako".

Kisa cha mbuzi lazima nikisimulie, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka tuliyocheka bila kuwa na neno moyoni. Nyumbani tuna mbuzi ya kukunia nazi, na jirani yetu Msukuma anafuga mbuzi wa kweli ambao hawajui mipaka. Vyote viwili nikaviingiza kwenye mchezo. Asubuhi nikaandika mbele ya mama, "muulize mama kuhusu mbuzi", nikamsomea jibu lililotoka: "Mbuzi huyu nilimnunua sokoni, nikikuna nazi namkalia, na jana ameingia shambani amekula mahindi."

Mama weee! Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimkalie mbuzi mimi? Na umri huu?" Khanga ikamdondoka, akaiokota, akacheka tena. Alipotulia akanitatulia tatizo ambalo lilikuwa linaniumiza kichwa wiki nzima. "We mwanangu, si useme mbuzi hii na mbuzi huyu? Mtu akisikia 'hii' anajua ya nazi. Akisikia 'huyu' anajua anayekula mahindi. Kompyuta haijui hivyo?"

Haikujua. Programu niliyokuwa natumia ilitengenezwa na watu ambao lugha yao ina neno moja tu mahali ambapo sisi tuna hiki, hii, hili, huu na huyu. Ikabidi niifundishe ngeli zote, moja moja, kitu kwa kitu: kinu kimevunjika, ungo umechakaa, jembe limepotea. Ilinitoa jasho, lakini ikaelewa. Ukishakiongelea kisu halafu ukaandika "muulize mama kuhusu hicho", anajua ni kisu na siyo ungo. Nilijiona msomi.

Mvua za masika zilipoanza mwaka ule ndipo nikaanza kusikia "nanihii" nyingi. Mwanzoni hata sikujali. Nanihii ni neno la kila mtu. Ukikwama kidogo unalitupia, mwenzako anakuelewa, mnaendelea. Lakini za mama zikawa hazifiki mwisho. "Niletee kile nanihii." Kipi mama? "Kile. Kile nanihii." Halafu ananitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyekificha. Siku moja aliweka sukari kwenye maharage, akasema Mwalimu amebadilisha makopo. Siku nyingine akaenda sokoni, njia aliyoipita maisha yake yote, akarudishwa na mwendesha bodaboda.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, akatueleza taratibu kwamba ni ugonjwa wa kusahau, utaendelea, na dawa ya kurudisha kilichopotea hakuna. Akatushauri tufiche viberiti na tusimwache atoke peke yake. Baba akauliza, "Sasa tufanye nini?" Daktari akarudia habari ya viberiti. Tulirudi nyumbani, baba amemshika mama mkono barabarani, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Hapo ndipo nikaamua. Kila kitu kilichomo kwenye ile nyumba mama atakisema kabla hajakisahau, na mimi nitakiandika kwenye mchezo kwa maneno yake, bila kubadilisha. Sikuwa na tumaini la kumponya. Nilitaka maongezi yake yasipotee, hilo tu. Ilikuwa ni mbio kati yangu na huo ugonjwa, na mimi nina duka la kufungua na umeme unaokatika.

Kwa hiyo nikawa namletea kitu kimoja kila asubuhi, naweka simu inarekodi. Nilimpa mgono, ule mtego wa samaki uliokuwa wa babu, unaoning'inia bafuni hauna kazi. Akaushika akasema, "Huu ulikuwa unatulisha sisi. Baba yangu akiutega mtoni asubuhi, sisi tunakaa ukingoni tumenyamaza, eti samaki wanasikia. Samaki gani anasikia? Alitaka tu tunyamaze." Nilimpa mwiko. "Huu unaujua vizuri, uulize mgongo wako." Hayo yote yakaingia kwenye programu. Nikaweka pia kwamba ukimuuliza mara ya pili kuhusu mwiko anasema, "Geuka nikukumbushe."

Ungo ulituletea ugomvi. Mara ya kwanza alisema alipewa na mama mkwe siku anaolewa. Wiki iliyofuata akasema aliusuka mwenyewe akiwa na mimba yangu, kwa sababu ilikuwa inamzuia kwenda shamba. Mara ya tatu akasema uliachwa na mgeni, mwanamke aliyekuja wakati wa mafuriko akalala kwetu siku mbili, jina lake hakulitaja. Nikaandika yote matatu, programu ichague yenyewe moja kila ukiuliza.

Baba akatoka ndani na redio yake. "Yote uongo. Ungo huo nimeununua mimi Mkula, pale barabarani, natoka semina."

"Sawa baba, lakini hivi ndivyo mama alivyosema."

"Kwa hiyo unaingiza uongo kwenye kompyuta? Andika kilicho sahihi."

"Baba, huu siyo mtihani."

"Kila kitu ni mtihani," akasema, akarudi ndani. Mama alikuwa amekaa hapo hapo katikati yetu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimekosea?" Nikamwambia hujakosea mama. Lakini nilimwambia haraka haraka, macho kwenye laptopu, nahifadhi kazi yangu kabla umeme haujakatika.

Ikafika mahali majina ya vitu yakamwisha, ngeli zikabaki. Sijui nieleze vipi ajabu ya jambo hili. Neno "kisu" halipo tena, lakini hakosei kusema kile, chenyewe, kimepotea. Neno "jembe" halipo, lakini analiita lile, limewekwa wapi. Basi nikawa namtumia kama nilivyoitumia programu yangu. Akisema "kile" nachomoa orodha ya vitu vya KI: kisu mama? Kijiko? Kiti? Kioo? Kitambaa? Anatikisa kichwa, anatikisa kichwa, anagusa nywele. Kichana! Tulikuwa tunashangilia utadhani tumefunga goli. Nilichapa orodha dukani, karatasi moja kila ngeli, nikazibandika jikoni ili dada akija na mchele wake kutoka Kiberege naye ajue pa kuanzia. Dada alizisoma, akakaa kwenye kigoda, akalia. Mimi nikaendelea kubandika.

Mama nilimgombeza mara moja. Nitalisema hapa kwa sababu sijawahi kulisema popote. Nilikuwa nimemletea chungu, kile cheusi cha kupikia samaki, na nilijua kina hadithi yake, nilishaisikia utotoni, kuna mtu aliyekificha chini ya kitanda. Nani alikificha, na kwa nini, sikumbuki. Nilitaka aniambie. Nikamuuliza. Akasema, "Kile." Nikamuuliza tena. "Kile kizuri." Nikapandisha sauti, "Mama, chungu! Chungu! Nani alikificha?" Akajikunja, akaweka mikono kichwani kama mtoto anayesubiri kupigwa. Nilizima simu. Nilimwomba msamaha, akaniambia hapana neno, lakini hakujua msamaha ni wa nini. Nilijichukia siku ile mpaka nikashindwa kufungua duka. Hadithi ya chungu mpaka leo sinayo.

Halafu ikaja asubuhi ya salamu. Nimeegesha baiskeli, napanda barazani, sijafungua mdomo, mama akasimama. Akajiweka sawa khanga, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo."

Shikamoo ya mama yangu, kwangu mimi! Aliniona nani, shangazi yake labda, au mwalimu wake wa zamani. Ukiitikia umefanya dhambi, usipoitikia umemdharau mtu anayekuamkia. Nikasimama pale mguu mmoja barazani. Yeye akangoja, ameinama. Sauti ya baba ikatoka dirishani, "Itikia. Usimwache anasubiri."

"Marahaba," nikasema. Sauti yangu hata mimi sikuisikia vizuri. Mama akashusha pumzi, akakaa, ameridhika. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa uso.

Baada ya hapo ngeli nazo zikaondoka. Kila kitu kikawa "kile": ungo kile, jembe kile, kuku kile, Mwalimu kile. Orodha zangu za jikoni zikawa hazina kazi, dada akazibandua akawashia moto. Mama akawa hasemi mengi. Ukimpa kitu anakishika, anakirudisha. Nikaacha kurekodi. Sikuamua kuacha, hapana. Asubuhi moja nilichelewa, nyingine mvua ilinyesha, nyingine nikaona nimletee nini ambacho hatakirudisha kimya, nikaenda moja kwa moja dukani. Nilikuwa na kazi ya kutosha ya kupanga niliyokwisha kukusanya. Na kwa kweli, Mungu anisamehe, mama wa kwenye mchezo alikuwa amependeza. Alikuwa anajibu vitu zaidi ya mia. Alikuwa anatania, ananuna ukimuuliza kitu kimoja mara tano, anakumbuka umemuuliza nini kabla. Dukani wateja wakipungua nilikuwa naongea naye.

Siku moja baba aliniomba nimwachie laptopu yangu ya zamani. "Nikague makosa," alisema, bila kunitazama. Nikamwonyesha jinsi ya kuwasha na pa kuandika. Nilidhani ataichoka kwa siku mbili.

Wiki kadhaa baadaye umeme ulikatika mchana dukani, nikaona nipite nyumbani. Toka getini nilisikia baba anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba baba anacheka. Alikuwa barazani, miwani puani, laptopu juu ya stuli, anaandika kwa kidole kimoja na kusoma kila neno kwa sauti ya darasani. "Shi-ka-mo-o." Mzee mzima anamwandikia mkewe shikamoo, kwa sababu niliiweka ile kanuni na bila hivyo hajibiwi! Halafu: "Mu-u-li-ze ma-ma ku-hu-su mwi-ko." Akasoma jibu, akajipiga paja. "Ndivyo! Ndivyo alivyokuwa!" Akauliza mgono, akauliza redio. Akauliza ungo. Likatoka jibu la mgeni wa mafuriko, na safari hii hakubisha, alilisoma mara mbili, akasema peke yake, "Inawezekana. Alikuja mama mmoja, ndiyo. Inawezekana."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nikajiambia kazi yangu imepata mtu.

Mama alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye stuli. Dada alikuwa amemsuka vizuri, amevalishwa gauni safi. Alikuwa anamtazama baba, kisha laptopu, kisha baba. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mama kutoa sentensi nzima, kwa hiyo aliposema wote wawili tulishtuka.

"Mwalimu, huyo unayeongea naye ni nani?"

Baba akavua miwani. "Ni wewe," akasema. "Huyu ni wewe, mama watoto."

"Mimi niko hapa."

Baba akanitazama mimi, kwamba nieleze, mimi ndiye mwenye kompyuta. Ningeeleza nini?

Mama akaitazama tena laptopu, bila chuki, jinsi unavyomtazama mwanamke mwenzako aliyeolewa vizuri. "Ana bahati huyo," akasema. "Anaulizwa. Mimi siku hizi haniulizi mtu."

Nilitaka kubisha, nikatafuta ni lini mara ya mwisho mimi nilimuuliza kitu. Umekula? Tulikuwa tunamuuliza. Unataka kwenda chooni? Tulikuwa tunamuuliza, na mara nyingi tunaulizana sisi kwa sisi juu ya kichwa chake. Lakini swali la kumfanya akae vizuri na kusema, hilo lilikuwa limekwisha siku nyingi, na niliyelimaliza ni mimi. Nilipopata nilichokitaka nilifunga simu nikaondoka nacho.

Baba alishusha kifuniko cha laptopu polepole. Nikakaa chini kwenye mkeka, na kwa kuwa sikuwa na kitu mkononi nikaokota kandambili ya baba iliyokuwa mlangoni. "Mama, hebu nieleze habari za kandambili hii."

Loo, jinsi alivyokaa! Akavuta gauni likafunika magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza chini, akapitisha kidole palipotoboka. Midomo ikajipanga. Niliinama mbele. Nilisubiri, na baba alisubiri. Tulisikia kuku wa jirani, tukasikia pikipiki mbili zikipita. Mama alikuwa bado anaitazama kandambili, paji la uso limekunjamana, anaitafuta kazi yake ya siku zote, na haikuja. Halafu akanirudishia. Uso wake haukuwa na huzuni hata kidogo, ulikuwa wa mtu aliyetembelewa.

"Uliza kingine," akasema.

Nikampa chujio la chai. Akalishika, akaliangalia, akanirudishia. "Kingine." Nikampa kifuniko cha sufuria. "Kingine." Baba akainuka, magoti yake mabovu, akaingia ndani akaleta saa ya ukutani, akaleta pasi ya mkaa, akaleta kofia yake. Nikakimbilia chumbani nikaleta taa, mto, sanduku la nguo, kiatu kimoja kimoja. Tulimuuliza kila kimoja kwa jina lake, kwa sauti, na alikipokea kila kimoja kwa mikono miwili. Hakuna alichokijibu. Baraza likajaa mpaka pa kukanyaga pakakosekana, na baba akakaa chini katikati ya vitu vyake, akafunika macho na kofia.

"Kingine," mama akasema.

Nikarudi ndani. Chumba kilikuwa kitupu, vimebaki vitanda na kabati ambavyo peke yangu siwezi kuvibeba. Nilisimama pale nikigusa kuta. Nilipotoka mikono mitupu, mama alikuwa amekwisha kuninyooshea ya kwake, anasubiri.